Paa Aliyekimbia: Njia ya Taamuli katika Nagona na Mzingile

Mwanafunzi yeyote wa fasihi aliyewahi kuulizwa ataje dhamira kuu ya Nagona anaijua tabu yake. Anaandika "utata wa maisha", anaongeza "kukata tamaa", halafu anakwama. Mwingine, aliyedokoadokoa vitabu vya nje, anaandika Nietzsche, na alama anapata. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba Nietzsche peke yake hatoshi. Euphrase Kezilahabi alikuwa na mlango mwingine, wa zamani kuliko Nietzsche, nao ni njia ya taamuli ya Kanisa Katoliki: ile sala isiyo na maneno ambayo ndani yake mtu huvua kila anachokijua mpaka abaki gizani na Mungu. Kezilahabi aliichukua njia hiyo na hatua zake, na picha zake, na giza lake, akaipeleka mahali ambapo watawa hawakuipeleka. Msomaji asiyeijua njia yenyewe hawezi kuona ilipopindwa. Ataona fujo tu.

Wapo wenzangu watakaosema nataka kumbatiza upya marehemu, maana Kezilahabi alifariki Januari 2020 na hawezi kujitetea. Hasha. Sisemi kwamba Nagona ni kitabu cha sala, wala kwamba mwandishi wake alikufa na rozari mkononi. Hayo si kazi ya mhakiki. Nasema kwamba riwaya hizi mbili, ambazo tunazikimbia kwenye mtihani na kuchagua swali la Shaaban Robert, zinasomeka. Zina mantiki. Ila mantiki yake siyo ya kisa chenye mwanzo, kati na mwisho.

Tuanze na msamiati, maana hapo ndipo tunapojikwaa kwanza. Kiswahili kina neno tasawufi, ambalo wataalamu wa ushairi hulitumia wanapozungumzia washairi wa Kiislamu wanaotafuta kumkaribia Mungu kwa moyo. Wakatoliki nao wanayo taamuli, na bila shaka msomaji amekwisha kuona kwamba neno hilo nalo ni la Kiarabu! Mimi naishi Rahaleo, hapa Mtwara mjini, na kwa mtu wa Rahaleo jambo hili si la ajabu. Tasbihi na rozari zinaning'inia katika nyumba za mtaa mmoja, pengine za ukoo mmoja, na kazi zake zinafanana. Neno lilelile linarudiwa na kurudiwa mpaka linaacha kuwa habari, linakuwa pumzi. Bibi anayesali rozari jioni hamwelezi Mungu jambo jipya. Anayachosha maneno hadi yaondoke njiani.

Kusini kwetu upande huu wa Ukatoliki umefichwa na kazi. Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895. Misheni yao ikateketezwa wakati wa Maji Maji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Mwambie mtu yeyote wa barabara ya Masasi neno "Ndanda", atakujibu hospitali, au shule, au mafundi seremala. Ni wachache watakaokumbuka kwamba wale ni wamonaki, na kwamba kazi yao ya kwanza kwa kanuni yao wenyewe ni kukusanyika mara kadhaa kwa siku na kusali zaburi. Mwanafunzi wa fasihi angepaswa kukumbuka na jambo la tatu: kiwanda cha uchapaji. Ndanda ndiko ulikochapwa Utenzi wa Enjili Takatifu wa Mathias Mnyampala, mwaka 1963. Mnyampala, Mgogo Mkatoliki, aliichukua Injili akaimwaga katika bahari ya utenzi, na huo ulikuwa utafsiri mkubwa: habari ya Palestina katika umbo la pwani. Lakini ulikuwa utafsiri wa nje, wa masimulizi. Yesu anazaliwa, anafundisha, anakufa, anafufuka, na vina vinatembea naye sawia. Njia ya ndani ilibaki bila mtu wa kuiandika kwa Kiswahili, mpaka alipokuja kijana mmoja wa Ukerewe.

Sasa njia yenyewe ni ipi? Mapokeo ya Kikatoliki yanajua namna mbili za kusema juu ya Mungu. Namna ya kwanza ni ya kukiri: Mungu ni mwema, ni mwanga, ni baba. Namna ya pili ni ya kukana: Mungu siyo mwema kwa wema tunaoujua, siyo mwanga tunaouona, siyo chochote tunachoweza kukitaja, basi tuvue majina yote, na kinachobaki baada ya majina kwisha, hapo ndipo alipo. Mwandishi anayejulikana kama Dionisi wa Areopago aliipanga namna hii kwa Kigiriki karibu na mwaka 500. Mjerumani Meister Eckhart aliihubiri kwa ukali mpaka Papa Yohane wa 22 akashutumu kauli zake 28 mwaka 1329, Eckhart akiwa amekwisha kufa. Nao Wakarmeli wawili wa Hispania, Teresa wa Avila na Yohane wa Msalaba, wakaipa sura tunayoijua leo katika karne ya 16. Teresa aliiona roho kama ngome yenye makao saba, mtu akiingia ndani zaidi na zaidi. Yohane aliiona kama usiku.

Huyu Yohane inafaa nimtulize kidogo, kwa sababu ni mshairi, tena mshairi mkubwa. Desemba 1577 ndugu zake watawa, waliochukizwa na juhudi zake za kulirekebisha shirika, walimkamata wakamfunga Toledo katika chumba kidogo chenye giza. Alikaa humo karibu miezi tisa, akatoroka Agosti 1578. Beti nyingi za utenzi wake mkuu wa mapenzi ya roho na Mungu alizitunga mle ndani. Kwa hiyo anaposema usiku ndio unaomwongoza mtu kuliko mchana, huyu hafanyi tashibiha ya darasani. Ameulala usiku huo.

Katika utenzi huo roho ni mwanamke aliyeachwa. Mpenzi wake amemjeruhi kisha amekimbia kama kulungu, naye anatoka kumtafuta porini, akiwauliza wachungaji na miti kama wamemwona. Picha hii Yohane hakuibuni. Imo katika Wimbo Ulio Bora, ambamo mpenzi anafananishwa na paa arukaye milimani, na katika Zaburi ya 42 yumo ayala mwenye kiu ya maji. Msomaji ayaweke haya kando kidogo: mnyama mwepesi, jeraha, pori, na mtafutaji.

Karne ya 20 iliirudia njia hii kwa tafsiri mpya, na tafsiri hizo zilikwenda pande mbili. Upande mmoja walikuwa watawa wenyewe waliofungua milango kwa jirani. Thomas Merton, Mtrapisti wa Kentucky, Marekani, aliyefariki Bangkok mwaka 1968, alizungumza na Wabudha akagundua kwamba ukimya wao na wake unasikilizana. John Main, Mbenediktini kama wale wa Ndanda, alijifunza kwa mtawa wa Kihindu huko Malaya kusali kwa kurudia neno moja, na mwaka 1975 akaanza kufundisha hivyo London. Hawa walimbakiza Mungu, wakabadilisha ufundi. Upande wa pili walikuwa wanafalsafa, waliobakiza ufundi bila kumtaja Mungu. Mkubwa wao kwa habari yetu ni Martin Heidegger, mtoto wa mtunza kanisa katika mji mdogo wa Kikatoliki, aliyeanza chuo kwa kusomea teolojia. Neno la Eckhart lenye maana ya kuachilia, kuacha vitu viwe vilivyo bila kuvishika, Heidegger alilifanya jina la kitabu chake mwaka 1959.

Kezilahabi alizipata pande zote. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi kule Mwanza hadi katikati ya miaka ya 60, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1985 alimaliza shahada ya udaktari Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, na mmoja wa anaobishana nao na kujifunza kwao mle ni huyohuyo Heidegger. Kwa hiyo tusishangae. Eckhart alimfikia mtu huyu kwa mlango wa nyuma, na zaburi zilikuwa zimekwisha kumfikia kwa mlango wa mbele.

Dalili ya kwanza ilikuwapo tangu 1971, nasi tuliisoma kidato cha tatu bila kuiona. Rosa Mistika! Mwalimu anasema ni jina la mhusika, basi, tunapita. Kumbe ni Kilatini cha Litania ya Bikira Maria, waridi la fumbo. Mama wa Rosa anaitwa Regina, yaani malkia, jina jingine la litania hiyohiyo. Shule anayopelekwa inaitwa Rosary. Mwandishi amemzungushia msichana huyu rozari nzima, halafu anamtazama akiharibiwa na ukali wa baba, na unafiki wa wanaume, na hatimaye na mkono wake mwenyewe, mpaka kesi inafika mbele ya Mungu. Watu walioikataza riwaya hiyo mashuleni kwa muda waliona uchafu. Mimi naona swali la mtu wa seminari: ua la fumbo likipandwa katika nyumba ya mlevi Zakaria, fumbo linakuwaje? Lakini hapo bado Kezilahabi alikuwa anasimulia kama wengine. Alikuwa ameazima majina tu.

Njia yenyewe inaanza Nagona, iliyotoka 1990, na Mzingile, 1991, zote za Dar es Salaam University Press, vitabu vyembamba visivyofika kurasa mia kila kimoja. Mtu anasafiri peke yake. Anafika katika mji wenye ukimya. Padri yumo, maungamo yamo, habari za mkombozi zimo. Wengi tunasoma mji huu kama mji wa wafu, jamii iliyokufa, na kuandika "mwandishi anakosoa jamii". Haya. Lakini kwa mtu anayeijua njia ya taamuli, ukimya ndiyo hatua ya kwanza, siyo adhabu. Msafiri hawezi kuendelea mpaka kelele za mji wake wa zamani zimwishe masikioni. Kisa chenyewe kinamfanyia msomaji hivyohivyo. Kinamnyima mahali, kinamnyima wakati, kinamnyima sababu na matokeo. Tunalalamika kwamba hatuelewi, kumbe tumevuliwa.

Halafu anatokea Nagona mwenyewe: paa. Anang'aa, anaonekana na kupotea porini, na wanaomwinda ni wengi. Wamo wanafalsafa wa Ulaya, toka Wayunani wa kale mpaka Nietzsche. Hapa ndipo nilipomkumbuka yule kulungu wa Yohane na yule paa wa Wimbo Ulio Bora. Mhakiki anayesema Nagona ni ishara ya ukweli hajakosea, ila amefupisha mno. Ukweli wa wanafalsafa ni kitu cha kukamata na kukiandikia kitabu. Paa wa mapokeo haya hakamatwi. Huyo hukimbia ili afuatwe, na anayemfuata ndiye anayebadilika. Naiona dhihaka ya Kezilahabi hapo: anawaweka mabingwa wote wa hoja wakimbilie mnyama ambaye hoja haiwezi kumfunga kamba.

Rafiki yangu mmoja Mwislamu, tuliposoma pamoja, alinipinga vizuri. Alisema mbona haya yote yamo kwa Masufi: Attar wa Nishapur aliandika habari za ndege waliosafiri mabonde saba kumtafuta mfalme wao, na thelathini waliobaki wakajikuta wao wenyewe ndio waliokuwa wakimtafuta. Tena, akasema, Al-Inkishafi inauhoji moyo kwa Kiswahili tangu zamani. Kwa nini umpe Mkarmeli sifa? Namkubalia nusu. Njia hizi zinakutana, na pengine msomaji wa pwani ataingia Nagona kwa mlango wa Attar bila kupotea. Lakini samani za nyumba ni za Kikatoliki. Padri, maungamo na mkombozi wa kuzaliwa havikutoka Nishapur. Na kuna kitu kingine kinachozidi samani, nacho ni kifo cha mwana.

Katika Mzingile msimulizi anakwenda kumtafuta mzee ili ampe habari kwamba mwanawe amekufa. Wahakiki wengi wamemwona mzee huyo kuwa Mungu, na mwana kuwa Kristo, nami sioni usomaji mwingine unaosimama. Mzee anaishi mbali, hajishughulishi na dunia. Baadaye dunia inateketea, na inabidi kuanza upya. Hapa ndipo wenzangu wacha Mungu wanapofunga kitabu: hii ni kufuru. Na wenzangu wasiosali wanashangilia: Mungu amekufa, kama alivyosema Nietzsche. Pande zote mbili zimesoma nusu.

Maana usiku wa Yohane una sehemu mbili. Usiku wa kwanza ni wa hisi, mtu akipoteza utamu wa sala. Usiku wa pili ni wa roho yenyewe, na huo ni wa kutisha; mtu anaona Mungu amemtupa, na kila alichokuwa akikiita Mungu kimekufa. Yohane anasema hivyo waziwazi, na Kanisa lililomtangaza mtakatifu mwaka 1726 na mwalimu wa Kanisa mwaka 1926 halikumwita mkufuru. Kuuawa kwa sanamu ya Mungu ni sehemu ya njia. Eckhart alikwenda mbali zaidi: alimwomba Mungu amwondolee Mungu. Kwa hiyo mjumbe wa Mzingile anayempelekea mzee habari za msiba anafanya jambo ambalo mapokeo yanalijua. Yuko usiku.

Tofauti iko hapa, na ndiyo hoja yangu. Kwa Yohane, usiku una mtu ndani yake. Anayetafutwa anamngoja anayetafuta, gizani humohumo, na wanakutana wawili peke yao. Kwa Kezilahabi, giza halina mtu wa kungoja. Kinachokutwa ndani ya Nagona ni Ngoma Kuu, watu wengi, mduara, wazimu na mwendo. Aliichukua njia ya upweke akaimalizia uwanjani. Kwa nini? Mimi nadhani mtu aliyekulia Mtwara ana jibu kuliko profesa wa Wisconsin. Huku kwetu pia vijana hutengwa porini, hunyamazishwa, huambiwa mafumbo wasiyoyaelewa, huumizwa. Ni jando na unyago. Lakini hakuna mwali anayebaki porini na fumbo lake. Anatolewa, na kutolewa kwake ni ngoma. Kezilahabi, Mkerewe, hakuhitaji jando la Kimakonde kulijua hilo, ila mpangilio ni uleule: giza ni la mmoja, asubuhi ni ya wote. Hapo ndipo alipoipinda njia ya Wakarmeli, na hapo ndipo riwaya hizi zinapoacha kuwa "za Kizungu", kama tunavyopenda kuzisingizia.

Lugha nayo imepindwa pamoja na njia. Utangulizi wa Kichomi, mwaka 1974, ulitetea ushairi usiofungwa na vina na mizani, na ugomvi wake tunaujua sote. Tuliusoma kama ugomvi wa fani: mgeni dhidi ya mapokeo. Nikiutazama leo naona mtu aliyekwisha kuanza kuvua. Kwanza anavua vina, halafu katika Nagona anavua kisa, halafu majina ya mahali. Mkusanyo wake wa 1988 aliuita Karibu Ndani, na sidhani kwamba alikuwa anatukaribisha sebuleni.

Naomba walimu wetu, kwa heshima zote, waache kutudai "ujumbe" wa vitabu hivi kwa mistari mitatu. Yohane mwenyewe alijaribu. Watawa walimwomba afafanue shairi lake la usiku, lenye beti nane. Akaandika kitabu kizima, akaeleza ubeti wa kwanza kwa urefu, akaeleza wa pili, akaanza wa tatu, na hapo kalamu ikasimama. Beti zilizobaki, ambazo ndimo furaha yenyewe ilimo, hakuzifafanua hadi alipofariki Ubeda mwaka 1591.